Jumamosi, Wambaa, Kwa Maalim Hamadi

Jamani, nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu nimemwambia nusu pale sokoni, yule robo kwenye simu, na matokeo yake Jumamosi iliyopita nimekuta kwenye jogging watu wanasema Zuhura kaozesha mtu Pemba kwa nguvu. Si kweli. Nilialika watu, kuozesha ni jambo jingine kabisa. Na hilo la kunicheka kwamba siku hizi nakimbia huku naongea peke yangu, nalo nitalifikia. Kaeni basi niwaeleze tangu mwanzo, na atakayenikatiza atazunguka uwanja mara mbili peke yake.

Wazo lilikuwa langu, sikatai. Nilisema kikundi chetu kinakimbia barabara ileile ya Temeke miaka sita, vumbi lilelile, mbwa walewale, sasa twende likizo ya mazoezi. Twende Pemba, tuendeshe baiskeli kutoka ncha ya kaskazini hadi kusini, tuogelee, tupande vilima, turudi na miguu kama ya wanajeshi. Mkapiga makofi. Mkasema mimi na Salma tutangulie tukaijaribu njia. Mpaka hapo mnajua.

Msilolijua ni kwamba Salma alikuwa na safari yake ndani ya safari yangu.

Mnamkumbuka yule mzee wa Kipemba aliyekuja kutibiwa macho mwaka jana, akakaa kwa binti yake, nyumba ya pili kutoka kwa Salma? Mrefu, kofia nyeupe daima, mpole. Maalim Hamadi wa Wambaa, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe. Salma, kwa kuwa ni muuguzi mstaafu, ndiye aliyekuwa akimtia dawa za macho asubuhi na jioni. Basi macho yakapona, dawa zikaendelea. Nilimwuliza, "Salma, chupa ile haiishi?" Akacheka kwa puani kama anavyocheka. Mzee aliporudi kwao haukupita mwezi, dada yake Bi Asha akaja kwa miguu yake kuposa. Salma akamjibu kwamba jibu atalileta mwenyewe Wambaa.

Nami nasema wazi mbele yenu: nilitaka aseme hapana. Mimi nimeachika, yeye kafiwa, miaka sita kila alfajiri saa kumi na moja ananigongea dirisha kwa pete yake, ko ko ko, "Zuhura, umeamka?" Akienda Pemba, nani atanigongea? Kwa hiyo nilipoandika ratiba kwenye daftari niliipanga kwa hila. Mteja wangu mmoja mwenye asili ya huko aliniambia kisiwa kile ni vilima vitupu. Nikaviweka vyote. Nikasema, akifika Wambaa magoti yanamwaka moto, atakiona kisiwa kichungu, atasema hapana, tutarudi zetu.

Na mimi kama fundi cherehani nikashona magauni mawili ya sare. Marefu, mikono mirefu, suruali ndani, mitandio ya kitambaa hichohicho, rangi ya chungwa yenye maua ya kijani. Tuwaheshimu watu wa huko na tupendeze pia. Laiti ningejua.

Kutoka Unguja hadi Mkoani

Meli ya kwenda Pemba ilichelewa kwa saa tatu na hakuna aliyetwambia sababu. Tulikaa bandarini tukila mkate wa ufuta na pweza wa kukaanga, mimi nanyoosha misuli mbele za watu, Salma anajifanya hanijui. Pembeni yetu alikaa bibi mmoja mwenye kapu la vitunguu thomu. Alitutazama juu mpaka chini, gauni kwa gauni, mtandio kwa mtandio.

"Wanangu, mwaenda arusini?"

"Hapana bibi," nikasema kwa furaha. "Twaenda kuendesha baiskeli."

Akalisogeza kapu lake. Akamgeukia Salma akamshika mkono kwa huruma. "Mungu akutilie wepesi, mwanangu."

Salma alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Mimi nikaona bibi mzee tu, hajui mambo ya mazoezi. Ile ilikuwa alama ya kwanza, nami nikaipita kama kichaka.

Baharini sitaki kupasemea sana. Niliyekuwa nikijisifu kifua ni mimi, na aliyeshikwa kichwa juu ya mfuko wa plastiki ni mimi. Yule bibi alinipa ndimu ninuse. Tulipofika Mkoani aliniambia nimuombee dua huko "kwenye shughuli", nikamwahidi.

Madungu, kwa fundi asiye na haraka

Chake Chake tulifikia mtaa wa Tibirinzi, kwa Bi Nasra, binamu wa yule mteja wangu. Mwanamke mkarimu, mnene, mcheshi, nyumba yake haipiti mtu bila kula. Alitupa samaki wa kupaka na wali, tukalala kama magogo, asubuhi tukaacha mabegi kwake tukaenda Madungu kuchukua baiskeli.

Fundi Khatibu alikuwa na baiskeli mbili za kukodisha, zote kongwe kuliko ndoa yangu. Nikaikagua ya kwangu.

"Fundi, hii haina breki ya mbele."

"Breki ya mbele ya nini?" akauliza taratibu. "Mbele ndiko uendako."

Nikajaribu ya nyuma. Akaanza kubadilisha tairi, akasita, akaagiza chai, akanywa, akalirudia. Kisha akauliza tunatafuta nini kaskazini.

"Hatutafuti kitu. Tunaendesha tu, mpaka tuzunguke kisiwa."

"Tu?" Alilirudia neno lile mara tatu, na kila mara alikuwa anaacha kazi ili alifikirie. Mwisho akayatazama magauni yetu, uso ukamfunguka kama mtu aliyepata jibu la fumbo. "Aaa! Basi sawa. Sawa kabisa. Ngoja nikukazieni vizuri hizi nati, msije mkaanguka njiani na shughuli yenu." Na akatutia kengele mpya bila kuombwa.

Saa nane mchana tukapakia baiskeli kwenye lori la saruji liendalo Konde. Tulifika tumekuwa weupe kama tumepakwa unga, tukalala hukohuko.

Konde hadi Ras Kigomasha, na kurudi

Kesho yake, Jumatano, jamani, ndiyo siku niliyofurahi kuliko siku yoyote tangu nimeota meno. Barabara inaingia ndani ya msitu wa Ngezi, baridi ya ghafla, harufu ya majani mabichi, miti imefungana juu, na kengele zetu zinalia ngri ngri bila sababu yoyote. Tuliimba. Salma, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliachia mikono yote miwili kwenye mteremko akapiga kelele "Mamaaa!" mpaka tumbili wakajibu. Tukafika kwenye mnara wa taa kule mwisho wa kisiwa, tukagusa ukuta kama washindi, tukarudi ufukwe wa Vumawimbi tukaoga na magauni yetu, yakakaukia mwilini tukiwa juu ya baiskeli.

Lakini kule huwezi kupita nyumba ya watu kimyakimya. Lazima ushuke, uamkie, uulizwe hali, uulize hali, unywe maji. Kijiji cha kwanza baada ya msitu tuliwakuta akina mama watano wamekaa kwenye jamvi wanachambua karafuu. Tukashuka.

"Karibuni, karibuni. Mwatoka wapi?"

"Dar es Salaam, mama zangu."

"Masikini, mbali! Mwaja na lipi?"

"Kheri tu," akasema Salma kwa adabu.

"Kheri alhamdulillahi." Wakatazamana. Mkubwa wao akasogeza karafuu pembeni, akakaa vizuri. "Haya, tupeni hiyo kheri."

Sasa hapo ndipo mimi na mdomo wangu. Nikamweleza kwamba tumeanzia ncha ya kisiwa, tunapita kijiji kwa kijiji, mpaka tumalizie Wambaa.

"Lini Wambaa?"

"Jumamosi."

"Kwa nani?"

"Kwa Maalim Hamadi. Karibuni nyote!"

Mnajua sisi watu wa Dar tunavyosema karibuni. Tunalisema kama tunavyopiga chafya. Lakini wale akina mama waliruka! "Maalim Hamadi wa hesabu? Hatimaye! Mashaallah!" Mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akasema Maalim alimsomesha mwanawe hapo skuli ya Konde miaka minne na hakumpiga hata fimbo moja, na mtoto leo ni mhasibu. Wakatupa machungwa kapu zima. Mimi nikamwambia Salma, "Umeona watu wanavyopenda michezo?"

Salma alinifinya. "Mbona unamtangaza mwanamume wa watu?"

"Simtangazi, wameniuliza."

Na kila kijiji ikawa hivyohivyo. Mwatoka wapi, mwaja na lipi, lini, kwa nani. Nikawa nimelikariri: Jumamosi, Wambaa, kwa Maalim Hamadi, karibuni nyote. Nilikuwa nalisema hata kabla sijaulizwa, ili tusipoteze muda. Nilidhani watakuja kutupigia makofi mwisho wa mbio.

Konde hadi Wete

Hapa ndipo vilima vyangu viliponigeuka. Nilimtegea Salma mtego, nikaangukia mimi. Kilima cha kwanza niliendesha, cha pili nikasukuma, cha tatu nilikaa chini nikamwambia Salma aniache, aende akawaambie wanangu nilikufa nikijitahidi. Yeye alikuwa anapanda amenyooka kama msichana, anafika juu, ananisubiri huku anamenya chungwa.

"Pazuri huku, Zuhura," akawa anasema. "Hewa yake nyepesi."

Hewa nyepesi! Mimi nilikuwa nawaza oksijeni ya hospitali.

Na jambo jingine lilikuwa likinitafuna: kila tuliposhuka kusalimia, watu walikuwa wanamsifu yule mzee. Kasomesha kisiwa kizima miaka thelathini, wamemhamisha skuli hii na ile, kila mahali ana mtu wa kumsemea. Mwuza samaki alisema Maalim alikuwa anamfundisha hesabu jioni, hamdai hata nazi. Salma alikuwa anasikiliza huku anatazama kengele ya baiskeli, lakini anasikiliza. Mpango wangu ulikuwa unakufa mbele ya macho yangu na mimi ndiye niliyekuwa nauliza watu, "Mnamjua?"

Wete tulikula haluwa ya moto na kahawa chungu, nikafufuka. Mama aliyetukaribisha, Bi Time, akatuuliza kama tumeshafika nyumba ile ya kona.

"Bado."

"Msimpite, atakuja kukasirika. Na yule wa pili naye, wana ugomvi, mkifika kwa mmoja mfike na kwa mwingine."

Nikasema moyoni, watu hawa wana heshima ya ajabu, hata mwendesha baiskeli lazima agawe salamu sawasawa. Tukapita nyumba saba pale Wete. Saba! Kila nyumba kikombe cha kahawa. Nililala moyo unakwenda mbio kuliko niliposukuma baiskeli.

Wete hadi Tibirinzi

Ijumaa tuliondoka mapema ili tuwahi kabla ya swala. Tulisimama njiani kuwaona popo wakubwa wa kisiwa kile wananing'inia mitini, nikawaalika na wao kwa mzaha. Salma alicheka hadi akatia mguu chini. Ndicho kicheko chetu cha mwisho kwa siku ile.

Kwa Bi Nasra tulikuta mlango wazi, chai mezani, mkate wa kumimina umekatwa vizuri, na Bi Nasra mwenyewe kanuna. Anatumiminia chai anatazama ukuta. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi."

"Tumekukosea?"

Akaweka birika chini. "Mie si mtu? Mmelala nyumbani kwangu, mmekula sahani yangu, mmeacha mabegi yenu chumbani kwangu. Wete mmealika. Konde mmealika. Mpaka kule kwenye mnara mmealika! Nimepigiwa simu na watu wanne waniuliza nitavaa nini, na mie hamjanambia hata neno. Kwani nimekukoseeni nini?"

"Kualika nini, Bi Nasra?"

"Arusi! Arusi ya Maalim Hamadi! Kesho!"

Nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni, sikukitafuna wala sikukimeza.

Ndipo akatueleza, kwanza kwa hasira, halafu alipoona nyuso zetu, kwa kushika kichwa. Kule arusi haialikwi kwa kadi ikaisha. Wanatumwa wanawake wawili, watu wazima, wenye staha, wamevaa sare, wanapita nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji wanasema kwa mdomo: siku fulani, mahali fulani, kwa fulani. Asiyeambiwa kwa mdomo hakualikwa, na aliyeruka nyumba karuka jamaa. Tena unaulizwa umekuja na lipi, unajibu kheri.

Kheri! Salma ndiye aliyeijibu hiyo kheri, lakini kila kitu kingine ni mimi. Sare nimeshona mimi. Jumamosi nimesema mimi. Karibuni nyote nimesema mimi, tena na popo nimewaongeza.

Nikapiga simu Wambaa. Akapokea Bi Asha, dada yake Maalim, na nyuma yake kelele za watu na masufuria.

"Wanangu! Habari zenu zishafika tangu juzi! Kaka yangu kalia, walahi, kalia kwa furaha. Kasema kumbe Salma kaamua kumpa jibu kwa kisiwa kizima! Mbuzi washachinjwa!" Na simu ikakatika.

Salma alinyanyuka, akaenda uani, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Nikamfuata. Niliona nisipomwambia ukweli sasa sitamwambia tena.

"Salma, mimi nilitaka umkatae. Vilima vile niliviweka makusudi."

"Najua."

"Unajua?"

"Zuhura, umechukua vilima vyote vya Pemba ukaviweka kwenye njia moja. Hata mtoto angejua." Hakucheka. "Nilikuja huku sijui nitajibu nini. Nilitaka nikae naye barazani, nimtazame kwao, nijue. Sasa nikisema hapana nimemwaibisha mbele ya kila mtu aliyewahi kumfundisha. Na nikisema ndiyo, nitakaa maisha yangu yote sijui kama nimemtaka yeye au nimewaogopa watu. Umeninyang'anya jibu langu."

Nililia pale uani mbele ya kuku wa Bi Nasra, na sioni haya kuwaambia. Aliyoniambia ni kweli tupu, na hakuna kosa nililowahi kumfanyia rafiki linalolingana na lile.

Chake Chake hadi Wambaa

Asubuhi Bi Nasra alisema twende na gari ya jirani. Salma akakataa. "Nimeianza kwa baiskeli, nitaimaliza kwa baiskeli." Na kwa kuwa nguo nyingine zilikuwa mbichi, tukavaa tena yale magauni. Hebu fikirieni.

Barabara ya Wambaa ilikuwa imejaa watu. Akina mama wamejifukiza udi, bodaboda zina mikungu ya ndizi, mzee kapakata jogoo mweupe kafungwa utepe. Wote wanatupungia. "Tutaonana huko!" "Mmechelewa, waalikaji!" Wale wa karafuu kutoka kaskazini walitupita wakiwa nyuma ya gari ya mizigo wanaimba, wakatutupia machungwa. Mimi niliyekuwa na mdomo wa kisiwa kizima sikuweza kujibu hata salamu. Salma alikuwa mbele, mgongo umenyooka, anakanyaga pedeli.

Nyumba ya Maalim iko juu kidogo, ukisimama ukumbini unaiona bahari kati ya minazi. Uwanjani mikeka imetandikwa, masufuria yamepangwa, pilau inanukia mpaka barabarani. Bi Asha akatukumbatia, Salma akamnong'oneza, na Bi Asha akatuingiza ndani. Maalim akaja. Kanzu mpya, kofia ileile. Alivyomtazama Salma, wenzangu, nilitamani ardhi inimeze.

"Maalim," Salma akasema, "sikuwaalika mimi hawa watu."

Akamweleza yote. Mnara, karafuu, sare, Jumamosi. Hakunificha na hakunichafua. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kwa hivyo jibu halijatoka."

"Halijatoka."

"Basi usilitoe leo," akasema. "Jibu la kusukumwa silitaki, hata likiwa zuri. Kaeni, mle chakula. Mie nitasema nao."

Akatoka barazani. Sisi tukabaki nyuma ya pazia la mlango, tunamwona mgongo wake tu na ule uwanja wa watu. Wote wakamgeukia.

"Jamaa zangu," akasema, "leo hapana arusi. Nimekosea siku."

Minong'ono ikaanza.

"Kosa ni langu peke yangu. Nimesomesha hesabu miaka thelathini na leo nimehesabu vibaya. Nawaomba radhi, kila mmoja kwa safari yake. Chakula kipo, kuleni, msiniachie."

"Hesabu gani hizo, Maalim!" kijana mmoja akapiga kelele, na kicheko kikapasuka uwanja mzima. Kulikuwa na waliocheka kwa mapenzi, na wengine si kwa mapenzi. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba katoka Micheweni na watoto wanne kwa ajili ya mtu asiyejua Jumamosi ni lini. Maalim alisimama palepale. Hakututaja. Hakusema wageni kutoka Dar, hakusema waalikaji, hakugeuka hata kuutazama mlango. Alisimama anachekwa na wanafunzi wake, mikono nyuma, anawaitikia kwa kichwa mmoja mmoja.

Salma alikuwa ameshika pazia. Niliiona pete yake, ile ya kugongea dirisha langu.

"Zuhura," akanong'ona, "sema kitu."

Na nilikuwa nacho cha kusema. Mlango ulikuwa umefunguliwa, hakuna deni la aibu tena, baiskeli ziko nje. Ningesema "twende" angekuja. Namjua. Tungefika Mkoani kabla ya magharibi na Jumatatu alfajiri angenigongea dirisha kama kawaida.

"Mimi nimeshasema vya kutosha wiki hii," nikamwambia. "Sasa sema wewe."

Aliliachia pazia. Kisha akauweka sawa mtandio wake wa chungwa, akalisogeza pazia, akasimama mlangoni mbele ya watu wote.

"Maalim hajakosea siku," akasema.

Hata hakupaza sauti. Lakini Bi Asha aliyekuwa karibu alisikia, akapiga kigelegele ambacho naamini kilifika Unguja, na baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu kingine. Yule mama wa Micheweni ndiye aliyeruka wa kwanza. Maalim aligeuka taratibu, na uso wake sitawaelezea, huo si wangu.

Wambaa hadi Temeke

Kaka yake Salma alipigiwa simu Tanga, akacheka, akauliza mara tatu kama dada yake ana akili timamu, kisha akampa shehe wa pale uwakili wa kuozesha. Mahari Salma alitaka msahafu, na baiskeli mpya yenye breki mbili. Shehe akauliza kama amesikia vizuri. Maalim akasema amesikia vizuri sana. Nilikula pilau sahani tatu na kulia mara nne, sikumbuki vilivyofuatana vipi.

Siku mbili baadaye nikaondoka peke yangu. Fundi Khatibu alipokea baiskeli zake, akauliza, "Mmoja kabaki?" Nikamwambia kabaki. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba alijua tangu alipokaza zile nati.

Kuhusu likizo yenu: njia ni nzuri, vilima vipo, twendeni. Ila safari hii kila mtu avae nguo yake, na kuongea na watu wa njiani si mimi.

Usiku wa kwanza hapa nyumbani niliweka kengele ya simu saa kumi na moja, nikaizima, nikageukia ukutani. Siku ya pili vilevile. Dirisha kimya. Nilisema basi, kukimbia kumeisha, nitanenepa nife. Siku ya tatu, saa kumi na moja kamili, simu ikalia. Nikaiweka sikioni. Kwanza sikusikia mtu, nilisikia ko ko ko, chuma juu ya kioo cha simu.

"Zuhura, umeamka?"

"Nimeamka."

"Basi toka nje. Mimi nishavaa viatu, niko barabarani Wambaa. Na usikate simu, huku kuna kilima."